Kofia za Vitufe na Taa za Kibodi: Namna ya Kuchagua

Utangulizi

Katika maabara ya kompyuta ya shule hakuna kifaa kinachoguswa mara nyingi kuliko kibodi. Kila siku vidole vya wanafunzi wengi hupita juu yake, vikiwa na jasho, mafuta na vumbi la chaki. Baada ya muda, kompyuta yenyewe ikiwa bado nzima, herufi za vitufe vitumikavyo sana huanza kufifia, na mwisho hufutika kabisa. Mwanafunzi ambaye vidole vyake vimekwisha kuzoea haoni shida. Lakini yule aliye mgeni, anayetafuta kila herufi kwa macho, hukwama. Kwa waandikao Kiswahili adha hii huanzia aghalabu katika herufi A, kwa kuwa ndiyo itumikayo kuliko zote katika maandishi ya lugha hii, ilhali Q na X, ambazo hazimo katika tahajia yake ya kawaida, hubaki mpya miaka nenda miaka rudi.

Wauzaji wa kibodi wana majibu mawili kwa shida ya kuona herufi. La kwanza ni kofia bora, yaani vile vipande vya plastiki vinavyovishwa juu ya vitufe na ambavyo ndivyo kidole huvigusa. La pili ni taa ndogo zilizofichwa chini ya kofia hizo ili herufi zing'ae gizani. Mnunuzi hudhani kwamba haya ni mambo mawili yasiyohusiana, na kwamba anaweza kuchagua kofia leo na taa kesho. Sivyo. Njia iliyotumika kuandika herufi juu ya kofia ndiyo huamua kama mwanga utapita au hautapita, na mojawapo ya njia zinazoifanya herufi idumu sana haipitishi mwanga hata kidogo. Asiyelijua jambo hili huweza kulipa mara mbili: kwanza kwa taa, kisha kwa kofia zinazoziba taa hizo.

Makala haya yanaeleza sayansi iliyomo katika uchaguzi huo, hasa kwa kibodi ndogo za swichi. Sehemu kubwa ya sayansi hiyo imo katika mafunzo ya fizikia na kemia ya shule za sekondari.

Kibodi ya swichi na umbo lake dogo

Kibodi nyingi za bei nafuu zina karatasi laini za plastiki zilizochorwa njia za umeme, na juu yake vikombe vidogo vya mpira. Kidole kikibonyeza, kikombe hubonyea na karatasi hizo hugusana. Kibodi ya swichi ni tofauti. Kila kitufe kina swichi yake kamili: kisanduku kidogo cha plastiki chenye springi, vipande viwili vya metali vinavyogusana, na kijiti kinachopanda na kushuka. Aina iliyoenea zaidi ilibuniwa na kampuni ya Cherry ya Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1980. Katika mojawapo ya swichi zake zijulikanazo sana, ile yenye kijiti chekundu, kijiti hushuka milimita 4 kwa jumla, na umeme huungana kinapofika milimita 2. Nguvu inayohitajika hapo ni kama nyutoni 0.45.

Kichwa cha kijiti hicho kina umbo la msalaba. Watengenezaji wengine wengi, hasa wa China, wameuiga msalaba huo, na kwa sababu hiyo kofia iliyotengenezwa na kiwanda kimoja huweza kuvaa juu ya swichi ya kiwanda kingine. Hapo ndipo biashara ya kuuza kofia peke yake ilipopata nafasi.

Kibodi kamili ya mpangilio wa Kimarekani ina vitufe 104. Kibodi ndogo iliyoenea sana ina 61 tu. Vilivyoondolewa ni vile vya tarakimu vya upande wa kulia, vya mishale, na safu ya juu kabisa. Fikra hii si ngeni: mwaka 1996 kampuni ya PFU ya Japani ilitoa kibodi ndogo iliyotokana na mapendekezo ya Profesa Eiiti Wada, aliyetaka mpangilio usio na vitufe vya ziada.

Kazi za vitufe vilivyoondolewa hazikuondolewa. Zimehamishiwa kwa vitufe vilivyobaki, na hufanyika kwa kubonyeza vitufe viwili pamoja. Hivyo kitufe kimoja cha kibodi ndogo huweza kubeba maandishi mawili au matatu, na baadhi yake huchapwa ubavuni mwa kofia, upande unaomwelekea mwandikaji. Hii ndiyo sababu maandishi ya kofia yana uzito mkubwa zaidi katika kibodi ndogo kuliko katika kibodi kamili: yakifutika, mtumiaji hapotezi herufi tu bali hupoteza ramani nzima ya kazi zilizofichwa.

Plastiki mbili

Kofia nyingi hutengenezwa kwa plastiki ya aina mojawapo kati ya mbili. Ya kwanza huitwa ABS, kifupi cha akrilonitrili, butadieni na stireni, kemikali tatu zinazounganishwa kuifanya. Ya pili ni PBT, yaani polibutileni tereftalati, polima ya jamii ya poliesta, ambayo ni ndugu wa plastiki ya chupa za maji na nyuzi za nguo.

ABS hupenda kuumbika. Ikiyeyushwa na kumiminwa katika kalibu kwa shinikizo, hujaza kila pembe, na inapopoa haisinyai sana. Kwa hiyo kofia zake hutoka zimenyooka, nazo hupokea rangi kali za kupendeza. Udhaifu wake ni wa namna mbili. Kwanza, uso wake hulainishwa na msuguano wa vidole: vile vijichembe vya ukwaru vilivyoachwa na kalibu husagika, na kofia huanza kumetameta kama sakafu iliyosuguliwa. Kumetameta huko si mafuta yanayoweza kuoshwa. Ni plastiki yenyewe iliyosawazika. Pili, sehemu ya butadieni, ambayo ni mpira, hushambuliwa na oksijeni ikisaidiwa na miale ya urujuanimno ya jua. Kofia nyeupe ya ABS iliyowekwa dirishani hugeuka manjano.

PBT ni ngumu zaidi na hustahimili msuguano, jua na kemikali nyingi kwa muda mrefu. Molekuli zake hujipanga kwa sehemu katika utaratibu wa fuwele, na huyeyuka kwenye joto la nyuzi 223 hivi za Selisiasi, ilhali ABS huanza kulegea karibu na nyuzi 105. Lakini utaratibu huo wa fuwele una gharama yake. PBT inapopoa husinyaa zaidi, na kofia ndefu, hasa ile ya kitufe cha nafasi, huweza kupinda kama ubao mbichi uliokaushwa juani. Ndiyo sababu seti nyingine za kofia za PBT ziliuzwa zikiwa na kofia ya kitufe cha nafasi iliyofanywa kwa ABS.

Ushahidi wa uimara wa PBT umo katika kibodi za IBM za muundo uitwao Model M, zilizoanza kutolewa mwaka 1985. Kofia zake zilikuwa za PBT, na zile zilizotunzwa husomeka vizuri hadi leo.

Herufi huandikwaje?

Kuna njia nne kuu za kuweka herufi juu ya kofia.

Njia ya kwanza ni kuchapa kwa wino. Kipande laini cha mpira huchukua wino na kuubandika juu ya kofia, kama muhuri wa ofisini. Ni njia ya bei ndogo, na herufi zake ndizo hufutika upesi, kwa kuwa wino umekaa juu ya plastiki wala haukuingia ndani.

Njia ya pili ni ya leza. Mwale wa leza huweza kuunguza plastiki ili ibadilike rangi, au kubandua rangi iliyopakwa juu yake. Kofia nyingi za bei ya kati zenye kupitisha mwanga hutengenezwa hivi: kiini huwa cha plastiki ya rangi ya maziwa, hupakwa rangi nyeusi nje, kisha leza hubandua ule weusi mahali pa herufi. Gizani huonekana nzuri sana. Lakini ile rangi nyeusi ni ngozi nyembamba tu; ikichubuka, mwanga huvuja mahali pasipotakiwa, na ncha za herufi hupoteza umbo.

Njia ya tatu hutumia tabia ambayo mwanafunzi wa kemia ameiona katika madini ya ayodini, yaani kugeuka kutoka hali ya yabisi hadi mvuke bila kuwa kimiminika kwanza. Rangi maalumu hupashwa joto linalokaribia nyuzi 200 za Selisiasi, hugeuka mvuke, nao mvuke huo hupenya ndani ya uso wa plastiki na kukaa humo. Herufi ya namna hii haiwezi kufutwa kwa kidole, kwa sababu haiko juu ya kofia bali imo ndani yake. ABS haiwezi kuvumilia joto hilo bila kupoteza umbo. Kwa hiyo njia hii hutumika kwa PBT. Ina mipaka miwili. Rangi ya mvuke huweza kuifanya plastiki iwe nyeusi zaidi, haiwezi kuifanya iwe nyeupe zaidi. Mwenye kutaka herufi nyeupe juu ya kofia nyeusi hana budi kuitia rangi kofia nzima na kuiacha herufi. Mpaka wa pili ndio unaohusu makala haya zaidi: PBT nene iliyotiwa rangi hivi haina dirisha la kupitishia mwanga. Taa ikiwashwa chini yake, mwanga hutoka katika nyufa za kati ya kofia na kofia, na herufi yenyewe hubaki gizani.

Njia ya nne ni kumimina mara mbili. Kalibu ya kwanza hufanya herufi kwa plastiki ya rangi moja; kisha plastiki ya rangi nyingine humiminwa kuizunguka. Herufi huwa ni kipande kamili kinachoanzia juu ya kofia hadi chini. Hata kofia ikisagika, herufi haiwezi kutoweka, kama vile mstari uliomo ndani ya peremende haumaliziki kwa kulambwa juu. Iwapo plastiki ya herufi ni ya kupitisha mwanga, herufi hung'aa. Hii ndiyo njia inayopatanisha udumifu na mwanga, lakini huhitaji kalibu za gharama kubwa. Pia, herufi zenye kisiwa ndani yake, kama A, B, D na O, huleta tabu: katika kofia nyingine huachwa na mikato midogo ili kisiwa kishikamane na plastiki inayokizunguka.

Mwanga utokao chini

Taa za kibodi ni diodi zitoazo mwanga, ambazo madukani huitwa taa za LED. Diodi ni kipande cha kipitishi nusu kinachoruhusu umeme kwenda upande mmoja tu. Elektroni zinapovuka mpaka uliomo ndani yake hupoteza nishati, na nishati hiyo hutoka kama mwanga. Diodi nyekundu ya mwanga unaoonekana ilionyeshwa mwaka 1962 na Nick Holonyak, Mmarekani. Ya buluu yenye nguvu ilichukua miaka thelathini zaidi. Wanasayansi wazaliwa wa Japani Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walitunukiwa Nobeli ya Fizikia mwaka 2014 kwa kazi hiyo. Bila ya buluu hapangekuwa na taa nyeupe za leo, kwa maana nyingi kati ya hizo ni diodi za buluu zilizofunikwa kwa unga unaogeuza sehemu ya mwanga huo kuwa manjano. Jicho likichanganya buluu na manjano, huona nyeupe.

Msalaba wa kijiti umekaa katikati ya swichi, na kwa hiyo taa haiwezi kukaa hapo. Hukaa kando, ama upande wa mbali na mwandikaji ama upande wa karibu naye. Jambo hili dogo lina matokeo makubwa. Taa ikiwa upande wa mbali, huangaza nusu ya juu ya kofia. Herufi iliyoandikwa juu husomeka vizuri, lakini alama iliyoandikwa chini yake hubaki hafifu. Kwa mwandishi wa Kiswahili mfano ulio karibu ni kile kitufe cha ritifaa, ile alama ya neno ng'ombe: katika kofia nyingi ritifaa huwekwa chini ya alama za mtajo, na gizani ndiyo isiyoonekana. Ndiyo maana watengenezaji wengine huandika alama mbili sambamba, zote kwa juu. Taa ikiwa upande wa karibu, herufi za juu hupata mwanga kidogo, lakini zipo kofia fupi ambazo huingia vizuri zaidi katika swichi za namna hiyo. Taa ikiwa upande wa mbali, ukuta wa ndani wa baadhi ya kofia hizo huweza kugonga kisanduku cha swichi kabla kitufe hakijafika mwisho wa safari yake.

Maandishi ya ubavuni mwa kofia, ambayo katika kibodi ndogo ni mengi, aghalabu hayaangazwi hata kidogo. Anayenunua taa akitumaini kuzisoma kazi za mishale usiku ayachunguze kwanza maandishi hayo.

Hesabu ya umeme

Waya wa USB huleta volti 5. Diodi nyeupe au ya buluu hutumia karibu volti 3, na nyekundu karibu volti 2. Tofauti hiyo haikuja kwa bahati. Nishati ya fotoni, kwa elektroni-volti, hupatikana kwa kugawanya 1240 kwa urefu wa wimbi kwa nanomita. Kwa mwanga wa buluu wa nanomita 465 jibu ni 2.7 hivi, kwa mwekundu wa nanomita 630 ni 2.0 hivi. Fotoni ya buluu ina nishati kubwa zaidi, na hivyo diodi yake hudai volteji kubwa zaidi.

Volti zinazobaki hazina budi kuchukuliwa na kikinza, ambacho mafundi wa redio hukiita rezista. Bila hicho mkondo hupanda na diodi huungua. Kwa mkondo wa miliampea 10 katika diodi nyeupe:

Ukinzani = (5 − 3) ÷ 0.01 = omu 200

Sasa ichukuliwe kibodi ya vitufe 61. Kama kila taa ingepewa miliampea 20, mkondo wote ungekuwa 61 × 20, yaani miliampea 1,220. Tundu la USB la toleo la 2.0 limewekewa kikomo cha miliampea 500. Kwa sababu hiyo kibodi haiwashi taa zake zote kwa nguvu kamili kwa wakati mmoja. Taa hupangwa katika safu mlalo na safu wima, na kompyuta ndogo iliyomo ndani huwasha safu moja baada ya nyingine, upesi kiasi kwamba jicho huona zote zinawaka. Mwangaza hupunguzwa kwa kuwasha na kuzima haraka: taa iliyowashwa robo ya muda hutumia robo ya umeme na huonekana hafifu. Kibodi yenye taa za rangi nyingi ina diodi tatu chini ya kila kitufe, nyekundu, kijani na buluu. Hizo ni diodi 183 za kutawaliwa.

Hesabu hii ina maana kwa shule zinazotumia umeme wa jua. Ikiwa kibodi moja hutumia miliampea 300 kwa ajili ya taa, nguvu yake ni 5 × 0.3, yaani wati 1.5. Ni kidogo. Lakini kibodi 30 hutumia wati 45, na kwa muda wa saa 6 hutumia wati-saa 270. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 hubeba wati-saa 1,200, na kwa betri ya risasi na asidi ni busara kutotumia zaidi ya nusu, yaani 600. Taa za kibodi peke yake zingemeza karibu nusu ya umeme huo, mchana, katika chumba chenye madirisha. Vivyo hivyo kwa kibodi isiyo na waya: betri yake ya volti 3.7 na miliampea-saa 2,000 ina wati-saa 7.4, na taa za wati 1.5 huimaliza kwa muda usiofika saa 5.

Rangi ya mwanga na jicho

Jicho lililozoea mchana huhisi zaidi mwanga wa kijani wenye urefu wa wimbi wa nanomita 555 hivi. Lililozoea giza huhisi zaidi nanomita 507 hivi, kwa seli ziitwazo fimbo. Fimbo hazihisi sana mwanga mwekundu. Kwa hiyo herufi nyekundu hafifu huweza kusomwa bila jicho kupoteza uwezo wake wa kuona gizani. Mwanga wa buluu una kasoro mbili. Lenzi ya jicho huupinda zaidi kuliko rangi nyingine, hivyo herufi za buluu huonekana kama zina ukungu pembeni. Tena, mwanga huo ndio unaoiathiri zaidi ile saa ya mwili inayoongoza usingizi. Nyeupe hafifu hutosha kwa kazi nyingi. Rangi zinazobadilika na kukimbia kama mawimbi ni pambo; hazimsaidii mtu kuisoma herufi.

Vipimo

Kofia kuvaa juu ya msalaba hakutoshi. Lazima pia ilingane na nafasi yake. Umbali wa kawaida kutoka katikati ya kitufe kimoja hadi katikati ya jirani yake ni milimita 19.05, na umbali huo ndio kipimo cha kofia zote. Kitufe cha nafasi huwa mara nyingi vipimo 6.25, yaani milimita 119 hivi. Katika kibodi nyingine ni 7, yaani milimita 133 hivi. Kitufe cha kulia cha herufi kubwa huwa vipimo 2.75 katika kibodi kamili, lakini katika baadhi ya kibodi ndogo zilizorudishiwa mishale ni 1.75. Kitufe cha kuingiza cha mpangilio wa Kiingereza kina umbo la pembe, na cha Kimarekani ni mstatili. Vitufe virefu huwa pia na vishikizo pembeni vinavyozuia kofia isiyumbe, navyo sharti vilingane. Anayenunua seti ya kofia ahesabu vitufe vya safu ya chini na kuvipima kwa rula kabla ya kutoa fedha. Katika kibodi ndogo safu hiyo ndiyo huleta hasara.

Jaribio la darasani

Maandishi ya dukani husema PBT, lakini kofia huweza kuwa ya ABS. Densiti huweza kuamua. Densiti ya ABS ni karibu gramu 1.05 kwa sentimita moja ya ujazo, na ya PBT ni karibu 1.31.

Vifaa: chombo cha kioo, lita moja ya maji, gramu 300 za chumvi ya mezani, na kofia kadhaa zilizong'olewa kwa kuvutwa wima.

Utaratibu: Kofia zitumbukizwe kwanza katika maji matupu, zikigeuzwa na kugongwa kidogo ili mapovu ya hewa yatoke. Zote huzama. Kisha chumvi ikorogwe hadi iyeyuke yote; densiti ya maji hayo hufika karibu 1.17. Kofia zirudishwe. Ya ABS huelea, na ya PBT huzama. Mwisho zisuuzwe kwa maji matupu na kukaushwa kabisa kabla ya kurudishwa.

Wanafunzi waulizwe: je, kofia iliyozama imethibitika kuwa ya PBT? La. Imethibitika tu kwamba si ya ABS tupu, kwa maana zipo plastiki nyingine nzito kuliko maji hayo. Na kofia iliyomiminwa mara mbili kwa plastiki mbili huweza kutoa jibu la katikati. Kujua jaribio linathibitisha nini, na halithibitishi nini, ni nusu ya sayansi.

Uchaguzi

Kutokana na yote yaliyoelezwa, mnunuzi ajiulize maswali kwa utaratibu huu. Je, kibodi itatumika gizani kweli? Je, mtumiaji hutazama herufi, au vidole vyake hujiongoza? Je, umeme unatoka wapi? Ndipo achague njia ya kuandika herufi, kisha plastiki, na rangi iwe ya mwisho.

Kwa maabara ya shule inayotumika mchana, kofia za PBT zilizotiwa herufi kwa mvuke, au zilizomiminwa mara mbili, bila taa, ndizo zitakazosomwa na wanafunzi wengi zaidi kwa miaka mingi zaidi. Kwa mwanafunzi asomaye usiku nyumbani na ambaye bado hutafuta herufi, kofia zilizomiminwa mara mbili zenye herufi za kupitisha mwanga, pamoja na taa nyeupe hafifu ya rangi moja, zinafaa. Zile zilizopakwa rangi na kuchongwa kwa leza ni za daraja la pili. Hata hivyo akumbuke kwamba herufi iwakayo haiangazi daftari. Taa moja ndogo ya mezani huangaza kibodi yoyote, yenye kofia za aina yoyote, na kitabu kilicho kando yake.

Na kwa yule aliyejifunza kupiga chapa kwa vidole vyote, suala lote hupungua uzito. Mwaka 1888 Frank McGurrin alishinda shindano la kupiga chapa huko Cincinnati, Marekani, bila kuitazama mashine. Vijitone viwili vilivyo juu ya herufi F na J, vinavyohisiwa na vidole vya shahada, vimewekwa kwa ajili ya watu wa namna yake. Havitumii umeme, wala mwandikaji hahitaji kuviona. Mwalimu anayewafundisha wanafunzi wake kuvitafuta kwa vidole anawapa njia ya kuandika hata pale taa itakapozimika na herufi zitakapofutika.